Maji ya Kyoto kwa Kaka Yona

Granville, Sydney

Mdogo wangu Eliza,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Amri ya kutotoka nje kwa ajili ya korona ingalipo, kwa hiyo jana binti yangu Neema alinitembeza Kyoto, mji wa kale wa Wajapani, kwa mtandao kupitia televisheni, tukisemezana na watu wa huko moja kwa moja. Mama mmoja mwenyeji alitangulia na kamera katika vichochoro vitupu, akitueleza habari za kila nyumba. Alisimama penye sanamu ndogo ya jiwe, akauliza ni nani aliyefiwa na hakuweza kwenda kuzika. Alisema angeimwagia maji kwa niaba yake, kama ilivyo desturi yao.

"Sisi si watu wa sanamu," nikasema.

"Baba, ni maji tu," Neema akajibu.

Kisha nikamwambia, "Mtajie Yona."

Yule mama alilitamka jina la kaka yetu polepole, akamwaga. Nililia mbele ya mwanangu. Unajua kwamba siku ya mazishi picha ya simu ilikatika kabla ya kutia udongo.

Nenda kaburini, mdogo wangu. Utie konzi moja ya udongo, useme ni yangu. Mungu akutunze, nikukute mzima.

Kaka yako,
Zakaria