Maua Ndani ya Jiwe Jeusi

Jumatatu, 7 Februari 1983
Masomo, kisha kutwanga sombe, majani ya muhogo, kisha kumwogesha Ngoie. Binti yangu ana madoa meupe shavuni. Kesho dispansari. Baba yake, askari wa hapa base, kambi ya jeshi, amepelekwa Kivu; ametuma jiwe kutoka milima ya moto ya huko. Jeusi, linang'aa kama chupa, lina maua meupe ndani. Mama mukwe ameuliza nani aliyachora. Mimi na domo langu la kialimu! Nikaeleza: uji wa moto wa mlima ulipoa haraka mno, ukaganda kioo. Baadaye chembe zinaanza kujipanga, kutoka nukta moja kwenda pande zote, na ua linakua. Maelfu ya miaka. Yeye alisikia "linakua" tu.

Alhamisi, 10 Februari
Sista wa dispansari amenipa pomade ya kumpaka. Upele wa ngozi tu, utaisha. Jioni jiwe limeanguka kwenye simenti, likapasuka. Ndani maua mengi kuliko juu. Yalikuwa humo siku zote! Mama mukwe aliangalia jiwe, akaangalia shavu la Ngoie. Akarudi tena kwenye jiwe. Akiangalia namna hiyo naogopa.

Jumapili, 13 Februari
Shangazi za mume wangu wamejaa uani tangu misa. Nikipita, wananipa mgongo. Ngoie analala kwa bibi yake, mama mukwe, sasa. Kwao mtoto ni wa baba. Wakinifukuza, natoka na nguo zangu tu. Mume yuko mbali. Nina hasira.

Jumatano, 16 Februari
Wametupa jiwe ndani ya mbabula, jiko la makaa, eti kuunguza uchawi wangu unaokua ndani ya Ngoie. Nilipiga kelele: liondoeni, litapasuka!

Mama mukwe akasema, "Ah, mama Ngoie, unaogopea kitu yako? Si weye mwenyewe ulisema ile maua iko inakua."

Akainama kupuliza makaa. Paf! Kipande kikamkata paji la uso. Damu hadi kidevuni. Nilikimbia na kitambaa, wakanisukuma. Hata kunigusa hawataki.

Ijumaa, 18 Februari
Mizigo yangu nje. Nimegonga kwa mama mukwe. Wamefunga kwa ndani. Nilimsikia Ngoie anakohoa. Nimegonga tena. Basi.

Jumanne, 1 Machi
Kaniama, kwa baba yangu. Mvua tangu asubuhi. Mahindi yamesimama vizuri. Nimesonga bukari. Nimemega tonge dogo la mtoto, nimelipuliza lipoe. Kisha nimelila mimi.