Antena Isiyotaka Kutulia

Jumanne, 1 Julai 2025

Nimeking'oa. King'amuzi nimekifunga kwenye kipande cha kitenge na rimoti yake, nimekisukumia juu ya kabati. Jana stesheni yangu ilikuwepo, leo wanasema imehamia kifurushi cha juu. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Muziki. Muziki tena. Halafu binti mwenye sauti laini akaniita mpendwa mteja mara nne, swali langu hakuligusa. Nikamwambia binti huyo, mwanangu, huyu mpendwa mteja wako ndiyo anaaga. Nikakata.

Dishi nimeliacha juu ya bati. Njiwa wameshaanza kulikagua.

Jambo moja sikuliwaza. Saa kumi na moja na nusu Baba Loyce akaja kama kawaida. Miaka miwili sasa seremala huyu anavuka uchochoro kuja kuangalia tamthilia kwangu. Anasema anasubiri taarifa ya habari. Sharti langu analijua: mlango wazi, kiti kizingitini, ili wifi Yusra wa nyumba ya mbele ahesabu viatu vyake vyote viwili na aridhike. Nikamwambia basi, hakuna tena. Akasema sawa, Mama Hashim. Akarudi kwake.

Jumatano, 2 Julai

Sijui kama yule mama mkwe wa kwenye tamthilia aliinywa ile chai yenye sumu.

Nimeshona sare tatu. Nyumba kimya. Sijali.

Ijumaa, 4 Julai

Najali.

Nilidhani nitaikosa tamthilia. Kumbe ninachokikosa ni mtu wa kumwambia "si nilikwambia". Hajaja tangu Jumanne. Hili nimeliandika na sitarudi kulisoma.

Wifi Yusra alipita jioni. Kasema afadhali, sasa nyumba ya marehemu kaka yake imetulia. Na kwamba yeye mwenyewe alishamwambia Baba Loyce uso kwa uso: kwa mjane mtu haendi kukaa tu, anakwenda akiwa na shughuli. Alimwambia lini? Juzi, sokoni, mbele ya wauza nyanya.

Nikamkaribisha chai. Nikasahau sukari. Nilisahau kwa makusudi.

Jumamosi, 5 Julai

Antena!

Fundi wa pale stendi kaniuliza aina ya TV yangu, akacheka. Kumbe ina king'amuzi ndani yake. Miaka yote nimelala nacho nyumba moja sijui. Nichomeke antena ya nje tu, stesheni za bure zitakuja zenyewe, na yangu imo. Nimeibeba kwapani toka stendi mpaka huku kwetu Manundu, inafanana na mifupa ya perege aliyeliwa akaisha.

Antena ninayo, nguzo sina. Nikaenda kwa Baba Loyce, kwa sababu ni seremala. Hakuna sababu nyingine.

Akaja na mwanzi mrefu, kasema umetoka kwao Vuga, kule milimani kwa Wasambaa. Nikamwambia kumbe wagosi mna kitu kingine zaidi ya viazi. Akasema angeusimamisha Mzigua kama mimi ungekuwa umeshaanguka, na mwenyewe yuko ndani anasonga bada, ugali wake wa muhogo. Nilikuwa sijacheka tangu Jumanne. Akaufunga kwenye nguzo ya banda la jiko kwa mipira ya tyubu, legelege, ili uweze kuzunguka.

Halafu ndiyo kazi yenyewe. Yeye nje anazungusha mwanzi, mimi ndani nasoma asilimia kwenye kioo na kupaza sauti dirishani. Thelathini. Hamsini. Sifuri, umepitiliza! Rudi. Rudi kidogo. Wewe Msambaa, kidogo hukijui? Nusu saa nzima. Sabini na nane! Usipumue!

Akaganda hivyohivyo, mkono kwenye mwanzi, akaangalia tamthilia yote kupitia dirisha langu. Mama mkwe hakuinywa chai. Kaimwaga kwenye ua. Baba Loyce akasema si nilikwambia. Mimi ndiye niliyesema hivyo Jumatatu, siyo yeye, lakini nikamwachia.

Adhana ya magharibi, akaondoka. Na wifi kule ng'ambo? Aliona nini? Mwanaume nje juani ameshika mti, mwanamke ndani anampigia kelele. Hiyo si shughuli? Atakosa la kusema.

Jumapili, 6 Julai

Picha safi tangu asubuhi.

Baba Loyce alipita akitoka kanisani. Akauliza toka uchochoroni, picha ipo? Nikasema ipo. Akasema vizuri. Akaenda zake.

Mjinga mimi.

Jumatatu, 7 Julai

Nimefanya jambo. Saba Saba, mafundi wengine wote wamepumzika, mimi nimefanya jambo.

Nimechukua chaki yangu ya kushonea. Mstari mmoja kwenye mwanzi, mwingine kwenye nguzo. Mistari ikikutana, sabini na nane. Kwa hiyo pale pazuri napajua, na naweza kupapata peke yangu wakati wowote nitakao. Baada ya kuhakikisha hivyo nikausukuma mwanzi robo mzunguko. Kioo kikaandika hakuna mawimbi. Nikaenda uchochoroni nikapaza sauti ya mtu aliyeibiwa: Baba Loyce, mwanzi wako umenigomea!

Alifika kabla sijamaliza kusema. Na kigoda mkononi.

Alhamisi, 10 Julai

Kila siku sasa. Saa kumi nautibua mwanzi, saa kumi na moja na robo anafika. Nampigia hesabu. Nampoteza makusudi nikiona ameipata mapema mno. Ikikaa sawa anaweka kigoda chake nje chini ya dirisha, mimi ndani kwenye kochi, nondo katikati. Kikombe cha chai kinapita kati ya nondo ya pili na ya tatu. Mtaa mzima unatuona, na hakuna wa kusema alimwona ndani.

Taarifa ya habari hata haulizii. Majina ya wale watu wa tamthilia anayajua mpaka ya mbwa. Jana binti alipofukuzwa nyumbani akajifuta jicho. Kasema ni vumbi la mbao.

Wifi kaniuliza upepo wa Korogwe mwaka huu una nini. Nikamwambia unashuka kutoka milimani, hauna adabu.

Mwenyezi Mungu anisamehe. Nina miaka hamsini na saba na nachezea antena.

Jumatatu, 14 Julai

Shule zimefungua, wazazi foleni mlangoni, kila mmoja anataka sare leo. Mwanzi nilisahau kabisa kuutibua! Nimekumbuka saa kumi na moja na robo. Atakuta picha safi, atasema vizuri, ataondoka.

Nikawasha. Hakuna mawimbi.

Upepo, alhamdulillahi. Nilichungulia nje, hata jani la mpapai halikutikisika. Lakini upepo ni upepo. Baba Loyce alikuwa ameshaweka kigoda chini na anakunja mikono ya shati.

Jumapili, 20 Julai

Hashim amekuja kutoka Handeni. Ghafla. Shangazi yake kampigia, najua, hata kama wote wawili wameuchuna.

Mtoto mwenyewe ni mwema, ndiyo shida yake. Kamwamkia Baba Loyce shikamoo kwa heshima zote, halafu akaniambia mbele yake: Mama, mzee wa watu asisumbuke kila siku, leo namaliza hili tatizo. Akapanda na misumari na waya wa kufungia. Ngazi akaishika nani? Baba Loyce. Nyundo ya nani? Ya Baba Loyce. Alikuwa akimpitishia misumari mmoja mmoja, penseli sikioni, anasema hapo sawa, hapo sawa.

Hashim akaona chaki. Akauliza mstari huu nani kachora. Nikamwambia ndivyo mafundi wanavyopima. Akasema wametusaidia, akaukaza mwanzi palepale kwenye mstari. Chaki yangu mwenyewe!

Halafu simu janja, zawadi. Tamthilia yote imo mtandaoni, hata za wiki ijayo. Naweza kuangalia kitandani, jikoni, popote. Nimejaribu. Kinatokea kiduara, kinazunguka, kinazunguka, na hakuna mtu wa kumwambia arudi kidogo.

Na shangazi atakuwa anakuja jioni kukupa kampani, mama. Amesema na hilo. Ameondoka na basi la mchana, ameridhika na nafsi yake.

Jumatatu, 21 Julai

Picha safi. Themanini na moja. Haijawahi kufika themanini na moja.

Wifi kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Kila anayetokea kwenye kioo, wifi anauliza huyu ni nani. Nikimwambia, anasema hamjui.

Saa kumi na moja na robo sauti uchochoroni. Picha ipo? Wifi akanijibia: ipo, tena imara. Akasema vizuri. Nikasikia Baba Loyce anarudi kwake. Kigoda kiligonga ukuta wake, maana alikuwa amekuja nacho.

Nikaenda jikoni nikalia. Si sana. Wifi alipouliza nikasema kitunguu, na leo mboga ilikuwa bamia tupu. Namtaka pale dirishani. Sitaki kingine, sitaki kuolewa, sitaki maneno ya sheikh wala ya mchungaji. Hapana, hilo la kuolewa nisiliandike kwa kalamu.

Jumanne, 22 Julai

Naandika chumbani, saa kumi na moja na dakika ishirini. Nimemwambia wifi natafuta miwani.

Mchana, wifi alipokwenda kuswali, nilichukua plaizi kwenye droo ya cherehani. Nikageuza kinu, nikapanda, nimejifunga kanga mbili. Nimeamua: nakata. Hashim akiuliza, kutu.

Waya ulikuwa umeshakatwa.

Umekatwa vizuri, ncha zimekunjwa ndani zisimchome mtu. Misumari imeng'olewa, imepangwa mstari juu ya boriti, mdogo mpaka mkubwa. Mwanzi umegeuzwa robo mzunguko. Na kando ya mstari wangu wa chaki kuna mstari mwingine, mwembamba, wa penseli. Si wa leo. Vumbi limeshaukalia, tena la siku nyingi.

Upepo wa tarehe kumi na nne.

Nilikaa juu ya kile kinu mpaka miguu ikafa ganzi. Nilicheka peke yangu, na plaizi mkononi. Mzee mzima yule! Kumbe siku nyingine tulikuwa tunautibua wawili.

Sasa wifi yuko sebuleni na rimoti. Nasikia anabonyeza. Wifi, mbona haionyeshi? Si Hashim alikaza? Plaizi ninayo bado, imefungwa kwenye pindo la kanga. Miwani iko usoni.

Uchochoroni: Mama Hashim, picha ipo?

Nimemjibu kwa dirisha la chumbani, kabla wifi hajafungua mdomo. Haipo, Baba Loyce. Njoo na kigoda.

Rimoti inawekwa mezani. Halafu kandambili za wifi. Haziji huku. Zinatoka nje, zinapita karai, zinaelekea banda la jiko. Kigoda nacho kinasikika kinawekwa chini. Wanasalimiana. Wifi kapanda kwenye kinu, nakijua kinavyolia.

Anauliza kwa sauti, sijui anamuuliza nani kati yetu: jamani, hii mistari miwili ni ya nini?

Baba Loyce anakohoa. Mimi naandika.