Shemeji Yako Mezani na Mabosi

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Zamani.
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu naye hajambo? Na kile kikohozi cha mtoto kimetulia? Sisi huku tu wazima. Mapacha wanakua, na kelele zao zinakua pamoja nao.

Najua habari unayoingoja ni moja tu, ya shemeji yako na yale mahojiano ya kazi ya kusimamia karakana, aliyoitiwa mezani na mabosi. Tangu karakana yao ifungwe amekaa nyumbani mwaka mzima, na kama mlango huu nao ungefungwa, sikujua tungebisha wapi tena.

Ulivyotuagiza kwenye simu ndivyo tulivyofanya. Tulifanya mazoezi jikoni, mimi nikiwa meneja. Kitambaa mapajani, asianze kula kabla ya mwenyeji, asiongee na chakula mdomoni, asishindane na mfupa wa kuku. Nilicheka peke yangu nilipokumbuka kwamba wewe, mwalimu wetu wa adabu za mezani, ndiye uliyekuwa ukilamba sahani yako na yangu tulipokuwa watoto. Lakini hayo yote yalimsaidia.

Lile la kuficha sikio ndilo lililotaka kumponza. Ulisema kasoro haitangazwi kwenye mahojiano, na akae pale atakapoonyeshwa. Basi wakamwonyesha kiti, na meneja akaketi kushoto kwake, upande wa lile sikio lililoharibiwa na mashine ya kukata chuma. Meneja mwenyewe huongea kwa sauti ya chini, kama mtu asiyezoea kukatizwa. Shemeji yako akawa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa, hajui anakubali nini.

Anasema supu ilikuwa haijaisha alipoona mama mmoja wa ofisi ya ajira ameacha kula, anamkodolea macho. Meneja naye ameshageukia watu wengine. Akajua maji yamezidi unga. Akaweka kijiko chini, akasema:

"Samahani, bosi. Sikio langu la kushoto halisikii. Nimekuwa naitikia maswali ambayo sijayasikia. Naomba nihamie upande wa pili, halafu uniulize upya."

Kumbe aliulizwa kama amewahi kufukuzwa kazi kwa ugomvi, naye akakubali kwa tabasamu.

Meneja alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akanyanyuka yeye na sahani yake, akahamia upande wa pili. Wakaanza upya. Alipoulizwa angesimamiaje karakana, alisema hakuna fundi wake atakayegusa mashine bila kuziba masikio.

Usijilaumu, mdogo wangu. Uliogopa wasije wakamwona nusu mtu, na mimi niliogopa hivyo hivyo. Tulimpenda kwa woga.

Mkumbatie wifi yangu, na umsalimie shangazi pamoja na jirani yenu Mzee Kimya, ikiwa siku hizi anaitikia. Mungu awafunike nyote na awape riziki isiyo na majuto.

Nisisahau mwisho wake. Jana simu ililia. Alisikiliza kidogo, akanipa mimi. Alininong'oneza kwamba haliamini sikio lake, hata lile zima. Nikasikiliza: anaanza Jumatatu. Nikamwomba yule dada aliyepiga simu arudie, amwambie mwenyewe, nikamshikia simu sikioni mpaka akasikia yote.

Dada yako akupendaye sana,
Mama Pacha