Nusu ya Nyumba Uliyomuuzia Mbaruku

Mke mwenzangu Kalunde,

Jumatatu ya wiki iliyopita, kabla ya adhuhuri, nilipoteza milango mitatu ya nyumba yetu ya Temeke, na mwezi huu hautakwisha kabla sijapoteza na paa. Milango ilikuwa ya vyumba vyako. Paa ni letu sote wawili, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Aliyeing'oa ni Bwana Mbaruku, yule muuza kuni anayejenga duka Pugu. Alikuja na lori, mafundi seremala wawili kutoka Keko, na maneno matatu: "Nimenunua upande huu." Mie nilikuwa uani nakoroga unga wa vitumbua vya jioni. Nilimwambia amekosea nyumba. Akataja jina lako, akataja jina la baba yako, akataja hata kovu la moto ulilo nalo mkononi. Hakukosea nyumba.

"Na vyumbani utakaa na nani?" nikamuuliza.

"Sikai, mama. Mie nahitaji bati na miti. Siku hizi bati hazipatikani madukani, wewe mwenyewe unajua. Upande wangu naupeleka Pugu."

Fundi mkubwa akapanda juu ya ukuta, akachungulia darini, akashuka akijifuta vumbi. Akamwambia tajiri yake, "Bwana, nyumba hii haina nusu. Mti unaoshika paa ni mmoja, umetoka ukuta huu mpaka ule. Nikiukata, upande wa mama nao unakuja chini."

"Huo ni upande wake," Mbaruku akajibu. "Mie wangu nimeulipia."

Wakang'oa milango kuwa ni mwanzo, na paa wakaniachia kwa muda, maana nilikaa chini ya ngazi na mwiko mkononi nikakataa kuondoka.

Nimekuandikia barua mbili, Kalunde, zote nimezipeleka posta kwa miguu yangu. Hukujibu. Ndiyo maana hii nimeipeleka gazetini, usije ukasema haikufika. Najua husomi, na najua mume wa mwanao Zena hupata gazeti hapo stesheni ya Tabora na kuwasomea watu barazani. Mkwe wetu, isome mpaka mwisho, usiruke mahali. Wewe Kalunde ulikuwa ukinicheka nilipokwenda darasa la watu wazima na kibao changu: "Mzaramo anajifunza kuandika ili amwandikie nani?" Sasa umejua.

Unakumbuka siku Salum alipokuleta? Alisimama mlangoni kule Kariakoo, jasho linamtoka kama aliyebeba gunia, akaniambia, "Mwajuma, nimekuletea mtani. Mnyamwezi na Mzaramo hawagombani." Mwanamume mzima, mfanyakazi wa bandarini, alidhani amepata hila ya kuoa mke wa pili bila kelele. Nikakutazama toka kichwani mpaka miguuni nikasema, "Huyu umemwoa au amekuletea mizigo? Mbona ana kichwa cha mpagazi?" Ukatua kifurushi chako chini, hukupepesa jicho. Ukasema, "Mizigo ilikuwa mizito njia nzima, lakini sasa nakuona wewe, naona mzigo mzito zaidi." Salum akacheka peke yake. Sisi hatukucheka mpaka alipotoka.

Ndivyo tulivyoishi miaka yote ile. Wake wenza wengine walirushiana maji ya moto, sisi tulirushiana utani. Uliniita mvivu wa ngoma, nikakuita mla panya. Siku ulipomzaa Zena, mie ndiye niliyekushika mgongo, na katikati ya uchungu ukaniambia niache kukupumulia harufu ya samaki. Mkunga alitushangaa. Lakini hakuna neno hata moja katika yale ambalo lilitoka nje ya mlango likawa kesi. Mtani hashitakiwi, na mtani hadaiwi alichosema. Hiyo sheria wewe ndiye uliyenifundisha, kwa sababu kwetu sisi nilikuwa nimeusikia utani wa misibani tu.

Na msiba ukaja. Salum alipokufa kaka zako walikuja, mmoja akalala juu ya jeneza tupu, akasema haondoki mpaka Wazaramo wamlipe, maana marehemu alimwahidi shuka. Mwingine akatembea kama Salum alivyokuwa akitembea, bega moja juu, bega moja chini. Mie nilikuwa nalia, nikacheka, nikalia tena. Ulinibana mkono chini ya kanga ukaninong'oneza, "Lia vizuri, watu watasema hukumpenda."

Eda tulikaa mkeka mmoja. Wajane wawili, ukuta mmoja wa kutazama. Mwenye nyumba alikuwa ameshatuma watu kuuliza lini tutatoka. Hapo ndipo nilipokwambia kwamba kodi tuliyomlipa yule bwana toka vita viishe ingetosha kununua nyumba na choo chake. Hukuamini. Nikakuwekea kokwa za ukwaju juu ya mkeka, kokwa moja mwezi mmoja, ukazitazama, ukazihesabu tena kwa kidole. Kisha ukasema, "Mzaramo, kumbe kichwa chako si cha ngoma tu."

Tulipotoka eda tulikwenda Temeke kumwona yule mzee aliyekuwa anarudi shambani kwake Kisarawe. Wewe uligonga kila nguzo kwa kifundo cha kidole ukisikiliza mchwa. Mie nilihesabu vyumba: vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani mnaenea majiko sita. Kila mmoja wetu akikaa kimoja, vinne vinapangishwa. Mzee akatwambia, "Nawauzia miti, udongo na makuti. Ardhi ni ya serikali, mtailipia kila mwaka." Halafu akatupima kwa macho. "Wake wenza, nyumba moja? Mtaiangusha."

"Aliyekuwa mzito ni mume, mzee," ukamjibu. "Tumeshamzika."

Alicheka mpaka akatupunguzia.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema. Fedha niliyotoa mie ilikuwa nyingi kuliko yako, nawe unajua. Nilikuwa na vitumbua vyangu langoni mwa bandari, sikukosa siku. Wewe ulikuwa umefungiwa ndani unamuuguza mume wetu, unamgeuza, unamsafisha, wakati mie natafuta riziki. Nikasema kuuguza nako kuna bei yake. Nikaiweka upande wako wa hesabu, tukatoka nusu kwa nusu, kulia kwangu, kushoto kwako. Sikukudai siku hizo na sikudai leo. Nalitaja tu kwa sababu Mbaruku ananiambia mbele ya watu kwamba mie sikuwa na haja na upande wako.

Na mbele ya yule mzee tukapeana neno: atakayetaka kuondoka atamuuliza mwenzake kwanza. Tukashikana mikono. Halafu tukaanza kubadilisha makuti kwa bati, mbili mbili, kila zikipatikana. Unakumbuka tulivyozibeba kutoka Kariakoo kichwani, mie mbele wewe nyuma, upepo ukizipiga kama ngoma, na watu wa njiani wakitupisha? Ulisema kichwa cha mpagazi leo kimepata kazi yake. Bati za upande wako ni ishirini na sita, zangu ni ishirini na nne, kwa sababu upande wako ulikuwa unavuja zaidi nikasema uanze wewe. Ndizo hizo ishirini na sita zinazokwenda Pugu.

Tuje kwenye lile la jikoni, maana kesi yote iko hapo.

Ilikuwa jioni, tunakaanga, yule fundi cherehani mpangaji wetu amekaa na cherehani yake pale ukumbini. Ukasema, na nakumbuka ulivyosema, huku unapuliza moto: "We Mzaramo, ninunulie vyumba vyangu nirudi kwetu nikafe na watu."

Nikakujibu, "Sitaki hata bure. Nikivichukua itabidi nivifukize udi mwaka mzima harufu ya Kinyamwezi itoke."

"Nitamuuzia Mzaramo mwenzako basi, mcheze ngoma humo."

"Muuzie. Atakulipa kwa ngoma."

Fundi cherehani alicheka mpaka akajichoma sindano. Wewe ulicheka. Mie nilicheka. Tukala. Si ndiyo yaliyokuwa maongezi yetu ya kila siku? Siku iliyotangulia ulikuwa umeniahidi kuniuza kwa Waarabu.

Mwezi haukupita, ikaja habari kuwa Zena amejifungua, ukasema unakwenda kumlea mzazi. Godoro lako nililibeba mie mpaka stesheni. Nilikununulia mikate ya njiani. Na wewe, dirishani mwa gari la moshi, ukanishika mkono ukaniambia, "Nitunzie upande wangu, usinijazie Wazaramo." Kalunde. Mbaruku anasema alikulipa siku tatu kabla. Fedha ilikuwa imefungwa kiunoni mwako uliponiambia maneno hayo, na mie nimesimama chini na jasho la godoro lako.

Nilikwenda kushitaki kwa Liwali. Liwali akasema sheria iko wazi: watu wawili wakishirikiana nyumba, mmoja haruhusiwi kumuuzia mgeni kabla ya kumuuliza mwenzake. Kama mwenzake hakuulizwa, ana haki ya kuichukua kwa bei ile ile, na mgeni anarudishiwa chake. Nikafungua ncha ya kanga pale pale nikaweka fedha mezani, bei kamili. Miaka ya vitumbua, Kalunde. Nilikuwa naiweka kwa ajili ya kupiga sakafu ya saruji, vyumba vyote sita.

Mbaruku akasema, "Aliulizwa. Mwenye mali aliniambia alimuuliza mwenzake, akajibu hataki hata bure."

Akaitwa fundi cherehani. Maskini, mtu mwema. Akaulizwa kama alisikia. Akanitazama, akatazama chini, akaapa kwamba ndiyo, alisikia. Na kweli alisikia. Angekuwa mwongo ningemshinda.

Nikamwambia Liwali ule ulikuwa utani. Akatikisa kichwa taratibu. "Utani naujua, mama, nami ni mtu wa mji huu. Lakini watani ni wawili. Mmoja anasema tulikuwa tunataniana, mwingine yuko Tabora na fedha mkononi. Nimsikilize nani?"

Nikaziokota fedha zangu, nikazifunga tena kwenye kanga, nikatoka. Mie, mwenye jibu la kila kitu.

Toka siku hiyo nakaa ukumbini natazama matundu matatu ambayo yalikuwa milango. Mbuzi wa jirani anaingia chumbani kwako anatoka anapotaka. Wapangaji wawili wamehama, nao siwalaumu. Mawingu ya masika yameanza kujikusanya upande wa Pugu. Watu wananiambia nisamehe, wewe una mjukuu, ulihitaji fedha, uliwatamani watu wa kwenu. Sawa. Ungeniambia hivyo. Ungekaa pale kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, bila kupuliza moto, bila kucheka, ukasema, "Mwajuma, nataka kuuza kweli." Ningelia, ningekutukana, na asubuhi ningekulipa. Hukufanya hivyo. Ulichukua neno la utani, lile lisilo na deni, ukaenda kulipima kwa Mbaruku kama kuni. Kunidhulumu nyumba ni jambo moja, na nyumba nitajenga nyingine, mikono ninayo. Lakini sasa nakaa najiuliza yale mengine yote uliyonitania miaka ile, nayo ulikuwa umeyaweka mahali unangoja mnunuzi? Nikikumbuka ulivyonibana mkono kule msibani, sijui tena nicheke au nikunje uso. Umeniharibia na yaliyopita.

Usiniletee salamu za mjukuu. Nampenda, nitamtumia kanga yake, hilo ni langu na Zena. Usiniambie Mbaruku alikushawishi, wala kwamba ulikusudia kunieleza baadaye. Usinitumie fedha. Kwangu zipo.

Ninalokuuliza ni moja, na ndilo Liwali analolitaka kwako. Jioni ile jikoni, ulipuliza moto ukaniuliza. Uliniuliza kama mtani, au kama muuzaji?

Mkwe wetu yuko stesheni, na stesheni kuna simu ya maandishi. Aipeleke kwa baraza la Liwali, Dar es Salaam, kwa jina lako, neno moja tu. Ukisema ulikuwa muuzaji, nitaondoka chini ya ngazi mwenyewe nimpishe fundi akate, na kuanzia saa hiyo sina mke mwenza wala mtani. Ukisema ulikuwa mtani, vyumba vinarudi, na wewe na mie tutajuana. Lakini usinyamaze. Liwali amesema kimya chako atakihesabu kuwa ni ndiyo ya Mbaruku.

Utani au biashara, Kalunde. Baraza linangoja mpaka Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu, kabla ya adhuhuri.

Mimi, mke mwenzako,
Mwajuma
Temeke