Milioni Moja na Moja

Jumanne jioni, Hombolo

Nimekosea mbele ya darasa zima, na nimefurahi.

Niliwaambia wanafunzi kwamba 1,000,001 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nilikuwa nimejaribu tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu, nikachoka. Neema akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, inagawanyika kwa 101. Jibu ni 9,901."

Nikazidisha ubaoni. Kweli.

"Kumbe si tasa," nikasema. Wakacheka, wakidhani naona aibu.

Mama mkwe aliniita hivyo mwaka wa sita wa ndoa, mbele ya wageni. Mwanamke tasa. Haukupita muda Saidi akaniacha, akaoa mwingine huko Makole. Na mimi kila mwaka lazima niliandike neno hilo ubaoni kwa mkono wangu.

Nilipofika nyumbani nilitamani kumwambia mtu. Nikapitia majina yote kwenye simu. Mwishowe nikamwandikia dada yangu aliyeko Kondoa: "Leo nina furaha sana."

Akajibu upesi: "Alhamdulillahi! Umepata mume?"

Nimeandika 101 mara 9,901, kisha nikafuta. Sijui hata nianzie wapi.