Baba Nathanieli, Uliyemrudia Abdi Kwenye Risasi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, wewe Nathanieli Shekiondo wa Mponde, askari wa KAR, jeshi la Waingereza, uliyepigana na Wajapani huko Burma, na bado mtu akitaja Burma hapa nyumbani hakuna anayebaki amekaa.

Ulitusimulia kwa mikono na miguu. Katikati ya kuchuma chai ungetua kikapu ghafla na kuamuru, "Laleni chini!" Nasi tulilala kati ya mashina ya chai, hata mama na kanga yake safi, akinung'unika huku anacheka.

Huko Burma mvua haikukatika, mianzi imefunga njia, kikosi chenu kinavuka kijito. Mara bombomu la Wajapani likaanza kumimina risasi kutoka kwenye handaki ng'ambo. Abdi, rafiki yako wa Mazinde, akapigwa pajani, akaanguka majini. Sajini akaamuru mrudi nyuma. Wenzako wakarudi. Wewe ulirudi kidogo, ukageuka.

Hapo sauti yako ilipanda, Baba! Ulitambaa kwenye tope, risasi zikikata mianzi juu ya mgongo wako, hadi karibu kabisa na lile handaki. Ukachomoa pini ya bomu la mkono, ukalitupa ndani. Bombomu likanyamaza. Ukamkimbilia Abdi, ukambeba mgongoni, huku bunduki nyingine zikiwaandama kutoka kilimani. Kwa maumivu akakukaba shingo, nawe ukamwambia kwa Kishambaa asikunyonge, awaachie Wajapani kazi yao. Tulicheka hadi machozi, kila mara, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Na uliendelea kubeba watu. Mama mjamzito akizidiwa, ulikuwa wa kwanza kushika machela kwenda hospitali ya Bumbuli, hata njia ikiwa utelezi mtupu. Shamba la ujamaa lilipoanza, ulitangulia na jembe begani ukiita kushoto, kulia, na wavivu wakajikuta wanatembea kijeshi bila kujua.

Siku ya mazishi mzee Abdi alipanda kutoka Mazinde, akichechemea na fimbo yake. Mwanao Hezekia alimpa shikamoo, akamkalisha, akamwambia kwamba habari za kijitoni tunazijua zote.

"Alizowaambia ni za kweli," mzee Abdi akajibu, "ila kuna moja aliiruka. Aliponifikia alikuwa anatetemeka mwili mzima, machozi yanamtoka. Aliniambia, 'Abdi, naogopa kufa.' Kisha akainama, akasema, 'Haya, panda.'"

Mama alijifunika uso kwa kanga. Hezekia akamshika mzee mkono, akamwomba aseme tena. Akasema tena, na mioyo yetu ikatudunda kama tuko pale pale majini. Baba, tulidhani hujui woga. Kumbe uliujua vizuri, na bado ukaenda. Laiti ungetuambia, tungekushangilia mara mbili.

Unakumbukwa na mkeo Zipora, wanao Hezekia, Dina na Yudith, wakwe zako, wajukuu zako wote, majirani wa Mponde, na mzee Abdi wa Mazinde na ukoo wake wote, ambao wasingezaliwa kama usingegeuka.

Pumzika, Baba. Siku zote utakuwa midomoni na mioyoni mwetu.