Mshiriki wa Sitini na Moja

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima, kazi tu ndiyo haiishi.

Taasisi imeweka mtandaoni data zote za ule utafiti wa dawa ya presha ambao wewe ulikuwa muuguzi wake. Siku hizi majarida hayatosheki na ripoti; yanataka kila kipimo kiwe wazi, anayetaka akague. Nimezichukua kwa ajili ya tasnifu yangu. Majina yamefutwa, zimebaki nambari. Lakini mshiriki wa 61 ni seremala wa miaka hamsini na minane, na kwenye safu ya maelezo umeandika: "Apimwe mkono wa kushoto. Wa kulia una kovu la msumeno."

Huyo ni baba. Alifariki tarehe 8 Machi. Data zinasema alipimwa tarehe 20 Machi, kisha kila mwezi mpaka Julai.

Mwanao

10 Februari

Bi Hesabu,

Marahaba. Miguu ni ya kizee, inabishana na ngazi.

Tangu utotoni ulikuwa ukihesabu maharage kabla ya kuyala, sasa umehamia kwa marehemu. Fomu zilikuwa mia mbili na muuguzi mmoja. Nambari ziligongana, basi. Mwache baba yako apumzike.

Shangazi

24 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Pole na hizo ngazi.

Nimejaribu kumwacha, yeye haniachi. Nambari zingegongana, vipimo vya mtu mmoja vingetokea mara mbili, nimetafuta, hakuna. Na anayebuni vipimo hupenda namba za duara, 140, 150. Hizi ni 147, 153, 168. Tangu azikwe presha yake inapanda kila mwezi. Julai ni 191. Nimejikuta nimekaa mbele ya kompyuta nikimhofia mtu aliyekwisha kufa.

Kuna mkono uliofungwa ule mpira wa kupimia presha. Wa nani?

Ripoti inasema hakuna mshiriki hata mmoja aliyefariki, na kwa sentensi hiyo madaktari wanawaandikia watu dawa hiyo. Mwisho wa Machi nitapeleka marekebisho. Jina lako liko kwenye kila fomu, kwa hiyo nataka kusikia kwako kwanza.

Mwanao

15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Simu hupokei. Jirani yako anasema hujambo, kila asubuhi anakuona ukimwagilia maua. Nashukuru kwa hilo. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba, ya barua zote mbili. Presha nimekwenda kupimwa na mtu mwingine safari hii, nimepewa vidonge, usihofu.

Mkono ulikuwa wangu. Kaka hakutaka kuingia kwenye utafiti. Nilimwambia, "Acha ubishi, dawa nitakupa mwenyewe." Alipokufa wiki ya saba ya utafiti, niliona nikiandika "amefariki" kwenye fomu yake nitakuwa nimeandika na jina la aliyemuua. Kama ni dawa, sijui. Nilihakikisha hakuna atakayejua.

Siku yake ya kupimwa ilipofika niliita 61, nikangoja kidogo, kisha nikajifunga mpira. Mwezi wa Juni nilipoita, kiti cha mbele yangu kililia kama mtu amekikalia. Chumbani nilikuwa peke yangu. Sikuinua macho. Niliandika namba.

Marekebisho usiandike wewe. Nimeshaandika, kwa taasisi na kwa jarida, kwa jina langu, na nimeomba barua iwekwe wazi palepale zilipo data. Watanifuta kwenye orodha ya wauguzi. Wafute.

Leo wamejibu. Kwenye majalada yao hakuna karatasi ya kifo, wanauliza nina hakika gani na tarehe. Nimewajibu kwamba macho nilimfumba mimi.

Shangazi yako